Kibubu Nilichokisifia Mbele ya Meneja

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa karakana yetu ya mabati, nyuma ya maduka ya katikati ya jiji, hakunipa nyundo. Alinipa kibubu kipya cha kuwekea sarafu na kuniambia nikitupe sakafuni. Nikakiangusha kwa adabu.

"Wewe umewahi kulea?" akauliza. "Mtoto wa miaka miwili haangushi. Anarusha. Rusha!"

Nikarusha. Mshono ukaachia, na siku hiyohiyo nikaanza kujifunza. Mshono wa bati hukunjwa mara mbili, kisha hugongwa. Kingo za tundu la sarafu huinamishwa ndani zisikate vidole. Mlango wa chini hufungwa kwa skrubu, kwa sababu, alivyosema mzee yule, kitu kinachotoka kwa vidole kitaishia kinywani. Vibubu vyetu havikuwa na sura ya kupendeza, lakini nimewahi kuona kimoja kikitumiwa na watoto watano wa nyumba moja, mmoja baada ya mwingine.

Karakana ilipofungwa, wenye mali walinihamishia duka lao la vitu vya watoto huko Westlands, niwe Mpokezi wa Bidhaa. Kazi yangu ilikuwa kukagua kila shehena na kuandika kwenye daftari la mapokezi kama inafaa kuuzwa. Mkubwa wangu alikuwa Meneja wa Mauzo, kijana mwenye umri wa mwanangu wa pili.

Siku moja vikaja vibubu vya plastiki vyenye umbo la nguruwe, vyekundu, vinavyong'aa. Tumboni vilikuwa na kizibo cha mpira. Nilikivuta kwa vidole viwili kikatoka. Nikaandika: "Visiuzwe kwa wenye watoto wadogo."

Meneja alisoma, akacheka. "Mzee wangu, hapa si karakana ya jua kali. Kastoma anataka kitu ya kupendeza. Weka hizo rafu ya chini, watoto wazione."

Niliviweka. Mikono ilikuwa yangu.

Jumamosi moja akaingia mama mmoja kutoka mtaa wa Jamhuri, mwalimu wa chekechea. Akachukua kimoja, akakigongagonga. Alikuwa mnunuzi makini, wa aina tuliyoipenda karakanani.

"Mzee, hii itakaa? Wangu ana miaka miwili, na kila kitu anarusha."

Meneja alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu.

"Ni kizuri, mama," nikasema. "Hakivunjiki."

Kweli hakikuvunjika. Wiki iliyofuata alirudi bila kibubu. Alifungua leso, akaweka kizibo mezani. Mwanawe alikuwa amekabwa nacho hadi midomo ikabadilika rangi. Jirani alimlaza kifudifudi mapajani na kumpiga mgongoni mpaka kikatoka.

Meneja akawahi kusema, "Pole sana, madam. Huyu mzee ndiye hupitisha bidhaa. Ni yeye alisema ziko sawa."

Nikalifuata daftari. Ukurasa wangu haukuwepo. Umechanwa vizuri, kwa rula. Niliporudi na daftari mkononi, mama yule hakulitazama. Alinitazama mimi.

"Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kuonyesha palipochanwa. Badala yake nikasema, "Nilijua, mama."

Hakupiga kelele. Alikunja leso yake akaondoka, akaacha kizibo pale mezani.

Nilistaafishwa mwezi huohuo. Meneja alitoa hotuba, akaniita nguzo ya duka. Leo yuko ofisi ya ghorofani, na nguruwe wale bado wako rafuni. Nilipeleka malalamiko makao makuu mara mbili. Sijajibiwa.

Nyinyi mnaoanza kazi mtaniuliza nimchukie nani. Meneja ninamchukia, sifichi. Lakini yeye hakuwa na Fundi Mkuu wa kumfundisha. Mimi nilikuwa naye.

Mwezi uliopita nilimwona yule mama kwenye foleni ya mboga, Jamhuri. Mtoto amekua, ana meno yote na maneno mengi. Aliniona nikimtazama, akaninyooshea mkono.

"Sasa, guka?" akanisalimu, kama mjukuu kwa babu yake.

Kabla sijaupokea, mama yake aliushusha mkono ule taratibu, akamhamishia upande wa pili.