Ukurasa Aliouchagua Ami

Nshasoma vitabu vingi vya historia, vya kabila na vya dini, na vitabu havijanichosha kama walivyonichosha wasomaji wake. Watu wa Mji Mkongwe, miaka ile ya hamsini, walikuwa na namna yao ya kusoma: mtu anamtafuta babu yake. Akimpata, anafunga kitabu na kujivuna. Akimkosa, Mzungu aliyeandika ni mwongo. Ijumaa wanasimama bega kwa bega msikitini. Ikija posa, kila mmoja anaikumbuka pua ya mwenzake.

Ami yangu, ndugu yake baba, alikuwa bingwa wao. Baba alikwishafariki, kwa hivyo ami ndiye walii wangu, bila yeye siolewi. Nikaposwa na mwalimu wa skuli, mtu wa Mangapwani, kaskazini ya kisiwa, na nilimtaka. Nnasema wazi, nilimtaka sana. Ami hakumtaka. Alidai si kufu yetu, hatulingani kwa nasaba, na kwa kuwa hakuwa na ubavu wa kuyasema hayo kwa kinywa chake, akaenda kuazima kitabu cha Kiingereza kwa rafiki yake karani. Kiingereza chenyewe hakijui hata cha kuombea maji! Karani akamwonesha ukurasa, naye akautia alama ya kijiti cha kiberiti.

Wazee wa mwalimu wakaja alasiri, wakakaa ukumbini kwa kahawa na halua. Mimi na bibi, mama yake ami, tulikaa nyuma ya pazia. Ami akanipenyezea kitabu.

"Soma, mwanangu, uwafasirie wageni."

Hebu fikirini! Mimi niisome hukumu ya posa yangu mwenyewe, maana nyumba nzima hakuna mwengine aliyejua Kiingereza.

Nikasoma. Mzungu yule, ambaye nna hakika alituangalia maisha yake yote kutoka kwenye kiti cha barazani kwake, kaandika kwamba watu wa kaskazini wengi wao ni wana wa watumwa, na Ushirazi wao, ule wa kutoka Uajemi, ni wa kujipachika. Ami akakohoa kwa raha zake.

"Ahsante, mwanangu. Inatosha."

Ukurasa ulikwisha kweli, lakini maneno yalikuwa yanaendelea upande wa pili. Bibi akanifinya paja.

"Endelea," akaninong'oneza.

Nikafunua, nikasoma. Kumbe ilikuwa zamu yetu! Waarabu wa mjini nao wasijivune, kaandika, kwani wengi wamezaliwa na masuria, wanawake walionunuliwa sokoni.

"Funga!" ami akapiga kelele. "Mzungu huyo hajui kitu!"

Na dakika moja kabla alikuwa anajua kila kitu. Lo, mtu mzima ovyo!

Nikadhani mambo yamekwisha, maana sote tumetukanwa sawa. Nikangoja wazee wacheke, isomwe Fatiha, nami niolewe. Mzee wao mkubwa akakiweka kikombe chini taratibu.

"Tumesikia," akasema. "Basi na sisi itabidi tukaulize kwanza kama nyinyi ni kufu yetu."

Wakavaa viatu, wakenda zao. Kitabu kimewatukana sasa hivi, na hapo hapo wamekiamini! Niliwadharau wote, wao na ami, kisha nikalia mpaka macho yakavimba.

Lakini mwalimu nilimngoja. Yeye alisoma kuliko sisi sote, na vitabu vyake kadhaa vilikuwa chumbani kwangu, kaniazima. Nilijua atawacheka wazee wake, halafu atakuja. Wiki ya pili akaja dada yake na sahani ya vileja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani."

Akakaa. Akazungumza habari za mvua, za karafuu, za homa ya mtoto wake. Mwisho akanigeukia mimi.

"Kaka anakusalimu sana. Anauliza tu, usimfahamu vibaya. Mama yake bibi yako alikuwa nani?"

Moyo ukanikatika. Hata yeye! Na vitabu vyote vile!

Bibi alikuwa pembeni anapeta mchele. Akauweka ungo chini.

"Mwambie alikuwa mama yangu," akasema.

Nikaingia chumbani nikavitoa vitabu vya mwalimu, nikaweka juu yake sahani na vileja vyake, nikampa dada mtu. Kisha nikamfungulia mlango.