Rangi ya Kucha kwenye Risasi Nene

Mume wangu ni fundi wa bunduki, na mtaa mzima unamwita Fundi, hata mimi. Karakana yake ni chumba chetu cha mbele: meza yenye jiriwa la kubania vyuma, mzani mdogo wa kupimia baruti, kalenda ya mwaka juzi. Watu walimletea bunduki za mababu zao pamoja na risasi za enzi hizo, nene kama kidole gumba, wakijigamba kwamba zinamlaza nyati papo hapo. Fundi aliwacheka.

"Unene si nguvu," aliwaambia. "Nguvu iko kwenye baruti, na baruti inazeeka kama mimi na wewe."

Alikuwa na utaratibu wake. Katika kila boksi alichukua risasi tatu, akazipiga kwenye gunia la mchanga uliolowa. Moja tu ikichelewa kulipuka, hata kufumba na kufumbua, boksi zima limekufa. Hapo ananiomba rangi yangu nyekundu ya kucha, anapaka kitako cha kila risasi, alama kwamba isipigwe. Miaka kumi na tisa kucha zangu zimekaa tupu kwa ajili ya nyati wa watu. Nilimtania sana, lakini nilijivunia, maana kaka yangu ni msoma nyayo wa kampuni ya uwindaji, na msoma nyayo ndiye anayetangulia.

Mwezi uliopita nyati alimvunja kaka paja. Mgeni aliyekuja kuwinda alifyatua bunduki ya babu yake, kwa risasi zilizopita mezani kwa Fundi, ikanyamaza, ikalia mnyama akiwa ameshafika. Wodini kaka aliniuliza jambo moja tu.

"Dada, shemeji alizipitisha zile risasi?"

"Hakuzipitisha. Nilimwona kwa macho yangu akizipaka rangi. Naapa kwa kaburi la mama."

"Basi bosi wangu ndiye kaifuta. Kikulacho ki nguoni mwako."

Fundi alikuwepo, amekaa ukingoni mwa kitanda na bakuli la supu. Alikuja kumlisha kila siku. Kaka akamshika mkono, akamwomba radhi kwa kumshuku. Fundi akapuliza kijiko, akamlisha.

Jumamosi nikafua aproni yake. Mfukoni nikakuta pamba imeviringwa, nyekundu, bado ikinuka kwa mbali ile dawa yangu ya kutolea rangi. Nikamfuata karakana, na wala hakukana.

"Bosi wao alinibembeleza niifute. Mgeni hakutaka risasi nyingine ila za babu yake. Nikajaribu mbili tena, zikalia vizuri."

"Ulijua nani anatangulia?"

"Nilijua."

Kosa ningelisamehe, fundi naye ni binadamu. Kilichonichoma ni kwamba alinisikia nikiapa kwa kaburi la mama yangu, akaendelea kupuliza supu. Alinifanya shahidi wa uongo mbele ya kaka yangu, nami nikiona fahari.

Saa ya kuona wagonjwa nilikwenda peke yangu. Kaka akachungulia nyuma yangu.

"Shemeji yuko wapi? Nataka aone, leo nimekunja vidole vya mguu."

Nikamfumbua kiganja, nikaiweka ile pamba, nikamwambia nimeitoa mfukoni mwa shemeji yake. Akainusa, akaigeuza, kisha akanishika mkono na kuzitazama kucha zangu, moja baada ya nyingine. Hazikuwa na rangi.