Mgonjwa wa Sebuleni

Mama aliyekuwa akituletea kuni kutoka kijiji cha Pito ndiye wa kwanza kuniuliza kama tuna mgonjwa. Alitua mzigo wake nyuma ya jiko, akaegemea ukuta apumzike. Halafu akajitoa pale ukutani taratibu, kama mtu aliyegundua kuwa ameegemea mtu mwingine.

“Humu ndani amelala nani?” aliniuliza.

Nikamwambia hakuna aliyelala. Tuko wawili tu, mimi na dada yangu, na dada ametoka kwenda kupanga foleni ya sukari.

“Basi kuna mtu anahema,” alisema. Aliondoka bila kungoja maji ya kunywa niliyokuwa namchotea.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mkoa. Mkoa ulikuwa bado mpya, nyumba za watumishi hazikutosha, ndipo nikapewa ile nyumba kuukuu ambayo wenzangu wawili walikwisha kuikataa bila kueleza sababu. Aliijenga Mzungu mmoja wakati wa ukoloni, na nadhani baridi ya Ufipa ilimtesa sana. Nyuma ya jiko aliweka boila, yaani tangi la chuma lililozungushiwa matofali, na chini yake nafasi ya kuchomea kuni. Bomba moja lilipeleka maji ya moto bafuni. Jingine lilipita ndani ya ukuta hadi sebuleni, likaingia kwenye chombo cha chuma kilichosimama chini ya dirisha, mfano wa rejeta ya lori ila kikubwa zaidi. Maji ya moto yakizunguka humo, chumba kinapata joto. Sisi tulikiita mbavu, maana ndivyo kilivyoonekana.

Nimezaliwa Mbeya, baridi naijua. Lakini upepo wa Sumbawanga mwezi wa sita hauna kitu cha kuuzuia, unatoka kwenye nyasi za uwandani na kuingia moja kwa moja kwenye mifupa. Kwa hiyo dada aliwasha boila kila siku mchana, ili nikitoka kazini nikute sebule ina joto. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka mingi. Mumewe alirudi kutoka migodi ya shaba ya Zambia na kifua kibovu, dada akamuuguza hadi mwisho, na baada ya msiba nilimwomba aje tukae wote.

Tulipohamia, nyumba ilikuwa na kelele tangu mwanzo. Moto ukikolea, ukuta uligonga. Baadaye boila lenyewe lilinguruma. Mwisho mbavu zilianza kuhema, pumzi nzito zenye maji ndani yake, zinavuta, zinakwama, zinavuta tena. Wageni walikuwa wakikaa kidogo, wanatazama dirishani, wanaaga.

Niliamua kutafuta chanzo mwenyewe. Idara ya maji ilikuwa na fundi mmoja tu, naye alikuwa kwenye vijiji vipya, ambako watu walikuwa wamehamishiwa kabla ya maji kufika. Karani wao aliniazima spana na bisibisi, akanionya nisifungue kitu chochote moto ukiwa unawaka.

Jumamosi nilichukua mpini wa jembe, ncha moja nikaiweka kwenye bomba, nyingine sikioni, nikafuata sauti hatua kwa hatua. Kule kugonga kulitoka pale bomba lilipotoboa ukuta. Likipata moto lilirefuka na kusugua matofali. Nikachomeka kipande cha mpira wa tairi, likanyamaza. Kunguruma nako kulikuwa tumboni mwa boila. Siku ya pili, likiwa baridi, nilifungua kizibo cha chini, yakatoka matope mekundu na kutu, mazito kama uji wa ulezi. Nilisuuza mpaka maji yakawa meupe.

Kukabaki kuhema. Nilizipapasa mbavu moto ulipokuwa umewaka: chini zilichoma mkono, juu zilikuwa baridi kabisa. Nikajua kuna hewa imenasa. Juu pembeni palikuwa na skrubu ndogo. Moto ulipozimika na chuma kupoa, niliilegeza kwa bisibisi, ikatoka pumzi moja ndefu yenye harufu ya maji yaliyolala miaka mingi, kisha maji. Nikakaza. Tulipowasha tena, joto lilipanda hadi juu, na chumba kikawa kimya.

Dada alikuwa amesimama mlangoni, pindo la kanga mdomoni.

“Umekifanya nini?”

“Nimetoa hewa tu.”

“Mbona kimenyamaza?”

“Si ndiyo tulichotaka, dada?”

Siku ile alikula jikoni.

Jumatatu nilirudi kutoka kazini nikakuta mbavu zinahema kama zamani. Nikatoa hewa tena. Baada ya siku mbili, zikahema tena. Kwa mara ya kwanza niliingiwa na woga. Kile kilichokuwa na sababu nilikwisha kukiondoa, na hiki kilikuwa kinarudi chenyewe.

Alasiri moja nilikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kabla ya kuingia ndani, nikaweka mpini kwenye bomba. Nilisikia maji yakitokota. Halafu, katikati ya maji, nikasikia mtu anaongea ndani ya chuma.

“Usichoke,” ilisema. “Hema. Hema tu, mimi nipo.”

Pumzi ikavuta, ikakwama. Sauti ikanyamaza ikingoja. Pumzi ilipovuta tena, sauti ikasema, “Hivyo hivyo.”

Ilinichukua muda kutambua kuwa sauti ile naijua tangu utotoni, na kwamba bomba lilikuwa linaniletea tu yanayosemwa sebuleni. Niliingia ndani kimyakimya. Dada alikuwa amepiga magoti, paji la uso limegusa chuma pale pa juu palipokuwa baridi. Aliponiona alishika tambara akaanza kufuta dirisha.

Kesho yake, alipokwenda dukani, niliikagua ile skrubu. Bisibisi nilikuwa nimeirudisha kwa karani, lakini mfereji wa skrubu ulikuwa na mikwaruzo mipya inayong’aa. Kisu chetu cha jikoni kilikuwa kimepinda ncha. Koki ya maji yanayotoka tangi la darini kuja kwenye boila ilikuwa imefungwa nusu, na sakafu ya bafu ilikuwa imelowa. Nikaelewa. Ukifunga maji ya tangi, ukafungua bomba la bafuni, kisha ukalegeza ile skrubu, maji yanashuka na hewa inaingia kwenye mbavu.

Aliporudi nilikiweka kile kisu mezani.

“Dada, kwa nini unairudisha hewa?”

Alikaa.

“Mwezi wa mwisho shemeji yako alikuwa anahema hivi hivi,” alisema. “Mchana kutwa. Nilichoka, mdogo wangu. Siku moja nikasema moyoni, laiti ningepata kimya kidogo. Nikatoka kuanika nguo. Niliporudi palikuwa kimya.”

“Hukumuua wewe.”

“Najua. Lakini nimejifunza kimya maana yake nini. Hiki kitu kikihema, najua kila mtu yupo. Kikinyamaza, humu ndani tuko wawili tu. Anayefuata kwenda ni nani?”

Nilitaka kucheka nimtoe wasiwasi, nikashindwa. Nilijikuta natazama mbavu na kuomba zisinyamaze wakati ule.

Jumapili, kabla ya kuwasha moto, tulifungua koki ya tangi pamoja. Mimi nilikaa chini, mgongo wangu kwenye chuma. Yeye mwenyewe akalegeza skrubu kwa kisu chake. Pumzi ilitoka ndefu, maji yakafuata, akakaza. Kisha tukawasha. Aliweka kiganja kifuani kwangu akakiacha pale, macho kwangu, joto likipanda mgongoni mwangu mpaka mabegani. Ule ulikuwa ukimya ambao ndani yake unasikia bati likijinyoosha na mende akitembea kwenye karatasi. Kuni zilipokwisha aliondoa mkono, akaenda kupika.

Hakuirudisha tena ile hewa. Lakini kila nilipopitiwa na usingizi kwenye kiti baada ya kazi, nilizinduka nikakuta kiganja kiko mbele ya pua yangu, bila kunigusa, na dada ameinama juu yangu akingoja. Mwanzoni nilishtuka. Baadaye nilijifunza kutoa pumzi kwa nguvu kidogo, naye anaondoka.

Mwaka uliofuata alianza kushona nguo, akataka chumba chake. Alikipata mtaa wa Majengo, kwenye ua uliopakana ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga. Chumba kilitikisika kuanzia asubuhi, vikombe vilitembea mezani, ikabidi mtu apaze sauti ili asikike. Nilimwambia hataweza kuishi pale.

“Hapa ndipo ninapopataka,” alisema.

Alikaa pale miaka yote niliyokuwa Sumbawanga, na watu walimpenda. Jumapili, mashine ikiwa imefungwa, alifunga mlango mapema na kuja kushinda kwangu, na akifika hakupiga hodi. Alisimama kwanza nje ya dirisha, akisikiliza.