Timu ya Watoto Wenye Ndevu

Mpira ule uliletwa na mchungaji Mmarekani aliyekuwa na misheni upande wa Litein. Ulikuwa wa ngozi, umeshonwa kwa uzi mnene, na ulijaa viganja viwili vya mtoto. Mtu mmoja anaurusha kutoka chini, mkono ukipita karibu na goti. Mwingine anaupiga kwa rungu, kisha anakimbia kuzunguka magunia manne yaliyotandazwa kwenye nyasi kabla wapinzani hawajauokota. Siku hizi watoto wa shule wanauita mchezo huo softiboli. Sisi tuliuita mpira wa rungu, na tuliuchezea kwenye malisho ya maksai nyuma ya kiwanda, asubuhi, kwa sababu katika shamba letu la chai mvua ilikuwa ikifika kila alasiri kama mtu aliyeajiriwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya thelathini. Meneja wetu na meneja wa shamba jirani walikubaliana kwamba Jumatatu ya Pasaka mashamba yao yapambane. Kungekuwa na timu mbili kila upande, ya wakubwa na ya watoto. Meneja alinijia nikiwa mizanini, kwa maana kazi yangu ilikuwa kupima majani mabichi.

"Toto na toto," akasema. "Watu na watu. Wewe karani, panga hawa. Mimi hapana taka kelele."

Memsahib, mkewe, aliyekuwa nyuma yake, akaongeza kwamba kila toto atakayecheza atapata sukari ndani ya karatasi. Nikamwuliza wakubwa watapata nini. Meneja akafikiri kidogo, akasema watapewa mkono, naye mwenyewe ndiye atakayewapa.

Niliona kazi hiyo ni nyepesi. Nilikuwa nimejifunza hesabu peke yangu kutoka kitabu kilichokosa kurasa za mwisho, zile zenye majibu, na nilikuwa nimezoea kuamini kwamba ukifuata hatua zote vizuri, jibu halikuhitaji kuandikwa popote. Kugawanya watu wakubwa na wadogo kulionekana kuwa hesabu ya ukurasa wa kwanza.

Tatizo ni kwamba shamba lilikuwa na watu wa makabila matatu, na kila kabila lilikuwa na hesabu yake.

Nyapara wetu, mwenyeji, Mkipsigis, alisema mkubwa ni yule aliyetoka jandoni, basi. Lakini kwao vijana walikwenda jando wakiwa wamekwisha kukomaa, na zamu ya rika lile ilikuwa haijafika. Kwa hiyo aliniletea katika timu ya watoto vijana warefu kuliko mlango wa ghala. Mmoja wao alikuwa akibeba gunia la posho kwa mkono mmoja huku akijikuna kwa mwingine.

Kisha akamwelekeza upande huohuo mtu wa ziwani aliyechochea moto wa kukaushia chai. Mtu huyo alikuwa na ndevu, mke, na watoto wawili. Kwao hawakwenda jando kabisa. Alikuwa ameng'olewa meno sita ya chini, na hiyo ilikuwa imetosha kumfanya mkubwa tangu zamani. Nilitazamia agombane. Akaniuliza tu, "Omera, ndugu yangu, watoto ndio wanaopewa sukari?"

"Ndiyo."

"Basi mwandike toto huyu. Nyapara ni mtu wa busara."

Kisha tukabaki sisi tuliotoka milima ya Kisii, na hapo ndipo hesabu ilipoingia nyumbani kwangu. Kwetu wavulana walikwenda jando wakiwa wadogo sana. Mdogo wangu alikuwa ametoka huko baada ya mavuno ya wimbi, akaja shambani kukaa nasi. Alikuwa na miaka tisa au kumi. Mama alihesabu kwa mavuno, baba kwa mabwana wa wilaya waliopita, na hawakuwahi kukubaliana. Alikuwa mfupi hata kwa umri wowote kati ya hiyo. Lakini mkono wake ulikuwa umelelewa kwa kufukuza ndege shambani kwa mawe, na mchungaji alipomfundisha kurusha mpira ule kutoka chini, aliurusha mara moja tu, mchungaji akavua kofia, akaivaa tena.

Kila mtu aliyeona alisema mtoto huyu lazima acheze. Yeye mwenyewe hakutaka kitu kingine duniani. Swali lilikuwa acheze wapi.

"Utacheza na watoto," nilimwambia nyumbani.

"Watoto gani?"

"Wa kimo chako."

"Mimi ni omomura. Nimetoka jandoni. Wewe mwenyewe ulikuwepo, ulisema sikulia."

Baba alikuwa seremala wa masanduku ya chai, na wakati huo alikuwa akilipiga randa rungu la mchezo. Hakuinua kichwa. "Amesema kweli. Mwanamume hachezi na wavulana. Nikirudi nyumbani nitawaambia nini wajomba zake?"

"Waambie ana meno," mama akasema. "Mpira ukimpiga mdomoni kwa hao wakubwa wenu, yatakayotoka yatakuwa ya mwanamume au ya mtoto? Hata ya utotoni hayajaisha."

Mdogo wangu akafunga mdomo haraka.

Nikaona hapa inatakiwa njia isiyojali desturi ya mtu. Kwanza nilijaribu ile ya shule, ambapo mtoto hupitisha mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili, akifikia, amekua. Vijana wa Kipsigis waligusa masikio yao mpaka shingoni. Yule mchochea moto akanyoosha mkono, akausimamisha juu ya utosi, akasema haufiki. Nikamwambia ajikaze. Akakunja uso kwa juhudi kubwa, vidole vikielea karibu kabisa na sikio, akasema pengine mwakani.

Ndipo nikafikiria mizani. Mizani haina kabila. Niliifunga kamba nene kwenye kulabu tuliyotundikia vikapu vya majani, na wachezaji wakapanda mmoja mmoja, wakining'inia na kuzunguka polepole kama nyama buchani. Wachumaji waliacha kazi wakaja kutazama. Mzunguko wa kwanza ulinipa matokeo ya ajabu, nikaamuru urudiwe, na wa pili ukawa wa ajabu zaidi. Baadaye niligundua sababu. Watu wazima walikuwa wamevua mablanketi, makoti, na mmoja hata mshipi, ili wawe wepesi. Mdogo wangu naye alikuwa na mawe ndani ya shati. Sukari iliwavuta wakubwa kwenda chini, heshima ikawavuta wadogo kwenda juu, na mizani yangu ilikuwa katikati haina la kusema.

"Karani," nyapara akaniambia, "leo chai itapimwa, au tunapima binadamu mpaka jioni?"

Nikaiacha mizani. Kwa kuwa baba alikuwa amesema, na mimi sikuwa na njia nyingine, nilimpeleka mdogo wangu kwenye timu ya wakubwa kwa siku za mazoezi.

Nilidhani hatari itakuwa mpira kumvunja kitu. Haikuwa hivyo. Wakubwa hawakumwumiza hata kidogo, kwa sababu hawakumpa mpira. Walimsimamisha mbali, mwisho wa nyasi, chai inapoanza, na kazi yake ikawa kuingia kati ya mistari ya chai kuutafuta mpira ulipopotea. Rungu hakulishika. Kurusha hakurusha, aliyerusha ni nyapara, kwa sababu ni nyapara, na aliurusha kama mtu anayemwaga maji machafu. Mdogo wangu alirudi nyumbani akiwa amelowa mpaka kifuani, baba akamwuliza, "Umecheza na wanaume?" naye akajibu, "Ndiyo," na baba akaridhika.

Ijumaa Kuu mazoezi yalipokwisha mdogo wangu hakurudi. Nilimkuta kati ya mistari ya chai, amechuchumaa, mgongo umenielekea.

"Silii," akasema.

"Sijasema unalia."

"Ni umande."

"Saa nane mchana?"

Akageuka, midomo imebanwa. Halafu akasema, "Hawanirushii. Wanasema naokota vizuri."

"Ukitaka, nenda kwa watoto. Pale watakupa urushe kila siku. Wenyewe wananiuliza habari zako."

"Na nani atakuwa mwanamume?"

Ukurasa wa majibu, kama nilivyosema, haukuwepo. Niliinuka nikanyoosha mgongo. Juu ya kilima kilichofuata kikosi cha mwisho kilikuwa bado kinachuma, vichwa tu vinaonekana, na katikati yao alisimama nyapara na fimbo yake. Hakuwa na kikapu. Hakugusa jani. Alikuwa katikati ya wachumaji tangu mazoezi yalipokwisha, na hakuna mtu katika shamba lile, wala mbwa, aliyewahi kumdhania kuwa mchumaji.

Jioni nikamwendea baba. "Baba, umewahi kumwona nyapara ambaye ni mtoto?"

Alipiga randa mara kadhaa. "Hapana."

"Timu ya watoto haina nyapara."

Akapiga randa tena. Alipuliza vumbi la mbao. "Nyapara husimama wapi?"

"Katikati. Pale panaporushiwa mpira."

"Na wale walio chini yake, ni wavulana?"

"Wote. Mmoja ana watoto wawili."

"Basi," baba akasema, "si kucheza nao. Ni kuwasimamia." Na mama, aliyekuwa mekoni, akasema msimamizi huyo ale haraka alale.

Nyapara mwenyewe alikuwa mgumu zaidi. Hakupenda kusikia kuna nyapara wawili katika shamba moja. Nilimweleza kwamba huyu angekuwa wa siku moja tu, na kwamba wakubwa wangebaki na mrushaji wao waliyemzoea. Akalifikiria hilo la mwisho kwa muda mrefu. "Sawa," akasema. "Lakini asiguse filimbi yangu."

Jumatatu ya Pasaka shamba jirani walikuja kwa miguu, na timu yao ya watoto ilikuja mbele ikiimba kwa sauti nzito. Nilimwona karani wao, kijana kama mimi, anatembea pembeni akitazama chini, nikajua kwamba naye alikuwa amejaribu mizani. Mtoto mmoja wao alikuwa na mvi.

Mchungaji ndiye aliyekuwa mwamuzi. Alizipitia timu mbili za watoto taratibu, akitazama juu kila uso kwa zamu, isipokuwa mmoja ambao ilimbidi atazame chini. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Je, mtu mzima anayewaongoza watoto hawa yuko wapi?"

Timu nzima ikamwonyesha mdogo wangu.

"Yule pale, bwana mchungaji," mchochea moto akasema, akizikusanya ndevu zake kwa mkono kwa adabu. "Sisi wengine ni watoto."

Mchungaji akavua kofia, akaivaa tena, akaamuru mchezo uanze.

Mdogo wangu alisimama katikati, miguu imepanuliwa, na kabla ya kurusha aligeuka akawaambia majitu yale yaliyomzunguka yasimame vizuri, na yakasimama vizuri. Kisha akarusha. Mpira uliondoka karibu na goti, ukaenda chini chini kama ndege anayetoroka, halafu mbele ya rungu ukainuka. Yule kijana wa jirani alipiga upepo kwa nguvu zote, akazunguka mwenyewe, akajikuta anatazama alikotoka. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu, mwenye mvi, hakupiga kabisa, aliuangalia ukipita, akasema, "Nani amemfundisha huyu mzee?"

Baba alikuwa amesimama kando ya ghala, mikono nyuma, na niliona kila mpira uliporushwa bega lake la kulia linasogea kidogo.

Mvua ilifika tukiwa mbele, na mchungaji akasema hiyo yatosha. Timu ya wakubwa ilikuwa imekwisha kushindwa mapema, kwa mirusho ya nyapara, nami sikulizungumzia hilo wala sitalizungumzia hapa.

Tukakimbilia baraza ya kiwanda. Memsahib alitoka na sinia la karatasi zilizosokotwa, akagawa. Watoto walipokea kwa mikono miwili, wakiinama ili awafikie. Alipofika kwa mdogo wangu alitabasamu, akachagua karatasi nene kuliko zote, akamnyooshea.

Mikono ya mdogo wangu ilikuwa njiani tayari. Niliiona ikisimama, ikarudi, ikaenda nyuma ya mgongo.

"Mimi si toto, memsahib. Mimi ni nyapara."

Memsahib akamtazama mumewe. Meneja akaja, akainama, akampa mkono, akautikisa mara mbili kama alivyowafanyia wakubwa wote. Sinia likaendelea. Mdogo wangu akabaki anakitazama kiganja chake, halafu akatazama vinywa vya wenzake vilivyoanza kunyamaza kwa utamu. Midomo yake ilikuwa imebanwa vile ilivyobanwa siku ile kwenye chai. Baba alikuwa hatua chache kutoka pale.

Mchochea moto alikuwa ameinua karatasi yake kuelekea kinywani. Akaiteremsha.

"Nyapara," akasema, "kwetu ziwani mtoto hatii kitu kinywani kabla mkubwa hajaonja. Unajuaje kama hii si chumvi?"

Mdogo wangu akamtazama baba. Baba akageuka akaanza kuitazama mvua, kwa makini sana, kama mtu aliyeletewa mbao za kukagua.

Basi akaonja. Alichovya kidole, akalamba, akafikiri. "Ni sukari," akasema.

"Na hii yangu?" akauliza yule kijana wa gunia la posho, akisogea. "Pengine yangu ndiyo chumvi." Nyuma yake wengine walikuwa wamekwisha kupanga mstari, na wakapita wote, mmoja baada ya mwingine, wakiinama, na nyapara akakagua kila karatasi kwa haki bila kuruka hata moja. Baadhi zilimtia shaka ikabidi azionje tena.

Usiku ule hakula ugali. Mama akamgusa tumbo, akamwuliza kama nyapara anaumwa.

"Kazi ilikuwa nyingi," akasema, akageukia ukutani.