Noti Alizoniletea Papa

Juzi kule sokoni Kituku, kando ya ziwa, muuza samaki alinirudishia faranka zilizolowa. Nilipozishika nikasikia harufu niliyodhani imenitoka zamani: jasho, moshi, mawese, na karatasi iliyopita katika mikono mingi. Nilibaki nimesimama na sambaza zangu, vile visamaki vya ziwani, mfukoni, watu wakinisukuma, nami niko mbali, katika nyumba ambayo haipo tena.

Nilikuwa mtoto wa pekee. Mama alifariki kabla sijaweza kuishika sura yake kichwani. Papa alikuwa muuzaji wa maharagwe. Alipanda lori hadi Rutshuru, akakaa huko wiki nzima au zaidi, kisha akarudi na magunia na kikohozi cha vumbi. Tuliishi karibu na uwanja wa ndege, katika nyumba ya mbao iliyokaa juu ya mawe meusi. Papa akiwa safarini nililala kwa jirani yetu, Mama Furaha, mwenye watoto saba na moyo mpana kuliko vitanda vyake. Nilikula sahani moja na watoto wake. Lakini jioni alipowaita ndani kwa majina, jina langu lilikuja mwisho, baada ya kimya kidogo. Kimya kile nilikisikia kila jioni.

Noti za Zaire zilikuwa zimekufa kabla sijaanza shule. Watu walikuwa nazo mafungu kwa mafungu. Waliwashia makaa, walizibia nyufa za ukuta, walifungia karanga. Mimi nilizipenda, labda kwa sababu hakuna aliyezitaka. Nilizipenda kwa chui aliyechorwa juu yake, na kwa zile sifuri ambazo hazikuisha. Niliziomba nyumba kwa nyumba, nikazinyoosha chini ya godoro, nikazipanga katika mkebe wa maziwa ya unga. Watoto wa Mama Furaha waliniita Madame Banki. Mama yao alicheka hadi akajishika kiuno.

“Masika, kutunza pesa ya Zaire ni kutunza maji mu kitunga!”

Siku moja Papa alirudi bila mimi kusikia lori, akanikuta nimezitandaza zote kitandani. Alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akatoka nje, akasimama uani akinipa mgongo, nami nikajua nitapigwa. Aliporudi ndani aliketi pembeni ya kitanda, akakohoa, akauliza, “Ile ya kijani uko nayo?”

Sikuwa nayo. Safari iliyofuata aliileta, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa koti. Tangu hapo hakurudi mikono mitupu. Papa hakuwa mtu wa maneno. Tuliweza kula ugali mwanzo hadi mwisho tukisikilizana tukitafuna. Lakini noti ikitoka mfukoni, tulikuwa na la kuzungumza mpaka taa inazimwa.

Kisha barabara ikaharibika. Waasi walikuwepo, na wengine waliowaasi waasi, na malori yakawa yanakwama njiani. Papa aliondoka, wiki ikapita, ikapita nyingine. Alasiri zote niliketi kwenye jiwe mbele ya mlango wetu uliofungwa, mkebe mapajani, nikihesabu malori ya watu wengine.

Ndipo mlima wa moto ulio juu ya mji wetu ukapasuka.

Nakumbuka joto usoni, na mlio kama wa mabati mengi yakiburutwa. Mama Furaha alikusanya watoto wake, kisha akanikuta nimeshikilia nguzo ya mlango wetu.

“Kamata mukono ya Furaha, tuende!”

“Papa akikuya atanikosa.”

“Mutoto, papa yako atakutafuta penye watu, hatakutafuta mu moto!”

Alinibandua kwa nguvu. Mkebe ulianguka, na hatukuugeukia.

Tulilala Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, uwanjani, katikati ya watu wengi kuliko niliowahi kuona, na sijawahi kuwa peke yangu kama pale. Kila mwanaume mwenye koti nilimfuata kwa macho mpaka alipogeuza uso. Siku zikapita. Asubuhi moja mwanaume mmoja aligeuza uso, akawa Papa. Alikuwa amevuka juu ya mawe yaliyokuwa bado yanafuka moshi. Soli za viatu vyake zilikuwa zimeyeyuka. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa noti.

“Hii haukuwa nayo.”

“Papa, sina hata moja tena. Yote iliungua.”

Akaifikiria habari hiyo. “Basi,” akasema, “tunaanza na hii.” Nikalia mpaka watu wakatutazama.

Nilikuwa mtu mzima, tena katika matanga ya Papa, Mama Furaha aliponisimulia habari ambayo Papa hakuwahi kunigusia. Mama alipougua, Papa alibeba gunia la noti hadi hospitali, akiba yao yote ya kujenga. Pesa ilikuwa imeshuka thamani hivi kwamba siku hiyo gunia zima halikutosha kununua dawa. Alirudi nalo mgongoni, na baada ya mazishi alilichoma uani peke yake.

Kwa hiyo zile nilizotandaza kitandani zilikuwa za aina ile ile aliyoichoma. Alitoka nje, akasimama, akarudi, akaniuliza kama ninayo ya kijani. Kisha kwa miaka yote aliomba kwa watu karatasi ambazo hakutaka kuziona, akazibeba hadi nyumbani, kwa kuwa mtoto wake alikuwa na furaha moja tu.

Mimi nilizoea kumdaka mlangoni, mkono nimeunyoosha. Natamani hata mara moja ningemwambia: Papa, keti kwanza, upumzike, noti tutaiangalia kesho.