Tulipokwenda Ziwani Bila Watoto

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipanda lori la kwenda Kibara pamoja na mke wangu, bila mtoto hata mmoja, na watu waliotufahamu pale Bunda wakatupa pole. Hawakuuliza nani amefariki. Kwa akili zao, mume na mke hawatoki nyumbani pamoja wakawaacha watoto nyuma isipokuwa wanawahi maziko. Nami niliitikia "asante".

Nikueleze kwanza hali ilivyokuwa, ili usinicheke kabla ya wakati wake. Nilikuwa fundi mitambo katika kinu cha kuchambulia pamba, na kinu kilikuwa kimesimama. Spea hazikuwepo, mafuta hayakuwepo, na sisi mafundi tulikuwa tumeambiwa tukae nyumbani tusubiri kuitwa. Ilikuwa miaka ya kuchanganya. Kabla yake tulizoea kupanga foleni ya sukari na sabuni kwenye duka la ushirika. Fedha kidogo tulikuwa nazo, bidhaa ndizo zilikosekana. Kisha biashara ikafunguliwa, mitumba ikamwagwa sokoni, sabuni za kila rangi zikapangwa madukani, na sasa bidhaa tuliziona kwa macho lakini fedha hatuna. Mtu mzima alishindwa kusema kama amepata nafuu au amepata hasara.

Nyumbani nako maneno yalikwisha. Mimi na mke wangu, ambaye watu walimwita Mama Masatu kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, tuliongea habari za unga, chumvi na kuni, basi. Akiuliza "unga upi leo?" nilijibu "huo huo." Wala hatukugombana. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi nilikuwa kijana, nikadhani kimya ni amani.

Shule yangu iliishia darasa la saba. Mengine niliyaokota mwenyewe, vitabuni na kwenye magazeti ya zamani ambayo wauza karanga waliyafanya vifungashio. Katika kipande kimoja cha namna hiyo nilisoma kwamba inawafaa wanandoa, mara mojamoja, waende mahali penye utulivu, penye miti na maji, wawaache watoto kwa ndugu, wakapumzike wao wawili. Sehemu ya mwisho ya ile karatasi ilikuwa imechanika, kwa hiyo sikujua wakishafika huko wanatakiwa wafanye nini. Sikuona kama ni tatizo.

Nilipanga safari ile kama ninavyopanga kazi ya kufungua injini. Mchuuzi mmoja wa dagaa, rafiki yangu wa sokoni, alikuwa na kibanda kwenye dago, yaani kambi ya wavuvi, kule mbele ya Kibara. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa hawavuliwi, kwa hiyo nilichagua wakati wa mbalamwezi, wavuvi wakiwa wamekwenda makwao na dago liko tupu. Tena ufukwe ule ulikuwa karibu na kijiji alikozaliwa mke wangu. Niliona hiyo ni zawadi juu ya zawadi. Mama yangu mzazi nikamwita kutoka Butiama aje akae na watoto.

"Mnakwenda kumzika nani?" akaniuliza kabla hata hajaweka mzigo chini.

"Hatuendi kuzika, mama. Tunakwenda kupumzika."

"Kwani hapa kitanda kimevunjika?"

Mke wangu nilimwambia maneno machache tu. "Jiandae, Jumamosi tunakwenda upande wa kwenu. Watoto watabaki na bibi yao." Akauliza kuna nini. Nikamjibu, "Tutaongea tukifika." Nilitaka afurahi kwa ghafla. Aliniangalia kitambo, kisha akaenda kutoa fundo la nguo zake. Nikamsifu moyoni kwa wepesi wake.

Tulishuka lori Kibara. Kutoka barabarani tulitembea kwa miguu, yeye na fundo lake kichwani na sufuria mkononi, mimi na unga wa muhogo. Hapo nikafanya jambo ambalo niliona ni la busara. Njia iliyonyooka ilipita mbele ya mji wa wakwe zangu, yaani boma lao, nami sikuwa hata na sukari ya kuwapelekea. Mkwe kufika mikono mitupu ni aibu. Basi nikamzungusha mke wangu nyuma ya kilima, tukapita katikati ya majabali ambako pimbi hukaa kuota jua. Wanawake waliokuwa wakianika udaga wa muhogo juu ya mwamba walituona. Mmoja alisimama, akatutazama mpaka tukapotea.

Sasa hapa, mwanangu, nisikilize vizuri, maana vijana wa siku hizi huenda hamlijui jambo hili. Kwetu watoto huhesabiwa kuwa ni wa upande uliotoa ng'ombe wa mahari. Mwanamke akiachwa, watoto hubaki kwa baba yao, naye hurudi kwao na vitu vyake vya mwilini. Kwa hiyo mwanamke akionekana anaelekea kwao na fundo la nguo, hana mtoto mgongoni wala mkononi, na mumewe yuko nyuma yake, tena wamekwepa njia kubwa, hakuna anayehitaji kuelezwa. Nililijua jambo hilo toka utotoni. Lakini kulijua na kulikumbuka ni mambo mawili.

Tulifika dagoni mchana. Maji yalikuwa yametulia, ndege aina ya mnandi wamekaa kwenye mitumbwi iliyofunikwa, upepo mwembamba. Kila kitu kilikuwa kama gazeti lilivyosema. Nikatandika mkeka kivulini, nikamwambia, "Kaa, upumzike."

"Nipumzike, kwani naumwa?"

Akaokota kuni. Nikamwambia kuni zipo. Akaenda kuchota maji. Akasugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Mimi nikakaa mkekani nikiangalia ziwa, nikisubiri maneno yaje. Hayakuja. Nilimwambia maji ni mengi mwaka huu. Akasema ndiyo. Baadaye akauliza, sauti chini, "Ulisema tutaongea. Hatujaongea." Nami, kwa kuwa nilichotaka kukiongea sikukijua jina, nikajibu, "Tulia kwanza. Kesho." Akalala na kanga yake kichwani, uso ukielekea ukutani. Nilidhani ni uchovu wa lori.

Asubuhi ya Jumapili nilikuwa napara samaki, sato mmoja niliyemnunua kwa mzee wa ndoana, nikasikia vikohozi. Walikuwa wanakuja kwa mstari: baba mkwe wangu akiwa na koti lake la kanisani, wazee wawili nyuma yake, na bibi yake mke wangu, Bibi Nyangeta, akijikongoja kwa fimbo. Mbali kwenye mawe alisimama mama mkwe, ametugeuzia mgongo, kwa kuwa mkwe hatazamani uso kwa uso na mama wa mkewe. Walikaa. Hakuna aliyenisalimu kwa jina.

Baba mkwe akaanza polepole. "Mkwe, hatujaja kwa ugomvi. Kama umeshindwana naye, kuna njia. Unaletaga wazee wako, sisi tunaita wetu, tunakaa. Humtupi mtoto wa watu ufukweni kama nyavu mbovu."

"Baba, sijamtupa."

"Ngoja nimalize. Wale ng'ombe hawapo tena zizini. Walikwisha kulipwa mahari ya mke wa kaka yake. Ukiwadai wale ng'ombe, itabidi mke wa kaka yake naye arudi kwao. Utavunja nyumba mbili kwa siku moja. Nakuomba utupe muda."

Nilisimama na kisu mkononi, magamba ya samaki yamenijaa vidoleni. Nikasema sidai ng'ombe. Nikasema tumekuja kupumzika. Mzee mmoja akamwuliza mwenzake, "Amesema wamekuja kufanya nini?" Mwenzake akajibu, "Kupumzika." Wakatazamana. "Kupumzika kutoka wapi? Kinu si kimesimama?" Nikajaribu kueleza habari za gazeti, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona kwamba hata mimi nisingemwamini mtu anayesema vile.

Nikamgeukia mke wangu anisaidie. Alikuwa amesimama.

"Baba Masatu," akasema, "mbele ya wazee hawa, na mimi nataka kujua. Umenirudisha?"

Mwanangu, nilichanganyikiwa kuliko siku zote za maisha yangu. Wale wengine wangeweza kukosea. Lakini yeye tulitoka nyumba moja, tukapanda lori moja.

"Hata wewe?" nikamwuliza.

"Akufukuzaye hakwambii toka. Tangu kinu kisimame huniangalii. Nguo zangu zimekaa kwenye fundo chini ya kitanda miezi yote hii. Nilijua huwezi tena kunilisha na utanirudisha siku moja. Uliposema watoto wabaki, nilisema ndiyo leo."

Miezi yote. Mimi niliyeweza kusikia bolti ya mashine imelegea nikiwa nje ya ukuta, fundo lile nililipita kila siku nikiingia kulala.

Hapo Bibi Nyangeta akagonga fimbo chini. Baba mkwe hukasirika kwa adabu na mama mkwe hasemi nawe kabisa, lakini bibi ana ruhusa ya utani. Yeye aliniitaga mume wake toka siku ya posa.

"Wewe mume wangu, njoo hapa karibu, masikio yangu yamezeeka. Ulimwambia nini mkeo mlipotoka?"

"Nilimwambia tutaongea tukifika."

"Na mlipofika?"

"Nikamwambia kesho."

"Heee! Maneno ya kusemwa mbali na watoto ni yapi? Ni kifo na kuachana. Umemtembeza mwenzako mchana kutwa juani akibeba kaburi lake kichwani, halafu unamtandikia mkeka eti apumzike!" Wazee wakacheka kwa pua. Yeye hakucheka. "Weka kisu. Mwambie ulichomletea huku. Usimwambie cha gazeti, gazeti halikuoa. Sema chako."

Niliweka kisu. Mimi si mtu wa maneno. Mwisho nikasema, nikimtazama yeye peke yake, "Toka kazi isimame tunaongea habari za unga tu. Nimesahau ukiongea kitu kingine unakuwaje. Nilitaka nikusikie." Kisha nikaongeza kile nilichokuwa nakikimbia. "Nikiwa nyumbani nakuonea aibu. Naona wewe ndiye utakayeniacha."

Alilia, kisha akacheka, kisha akanikasirikia, akanirushia kitambaa cha sufuria. Mpaka leo sijaelewa mpangilio ule, na nilipomwuliza miaka ya baadaye alisema hata yeye hajui.

Bibi Nyangeta akainuka. "Haya, wazee, twendeni kanisani. Hapa hakuna kesi. Na wewe mume wangu, jioni mtakuja kusalimia mjini kwangu. Utakuja mikono mitupu hivyo hivyo. Nani alikwambia tunakula sukari yako? Tulimpa mjukuu wetu mtu, hatukumpa duka." Baba mkwe alisimama akiwa bado hajaelewa, akanipa mkono, akauvuta, akanipa tena.

Walipoondoka mke wangu alianza kusema, na alisema mpaka sato akaungua. Alinionyesha mwamba alikokuwa akianika furu, wale samaki wadogo, utotoni. Alinieleza kwamba anataka kuuza mitumba ya watoto Bunda, jambo ambalo alikuwa amelifikiria kwa muda mrefu akaogopa kulitaja, asije akaonekana ananidharau. Nilimsikiliza. Kupumzika, kama kule ndiko kupumzika, kulituchosha sana.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Uwapo na mwenzako katika shida, usidhani kimya chako ni ngao yake. Mtu aliyeachwa bila neno hujitungia neno, na siku za dhiki hujitungia lililo baya kuliko yote. Jema unalomkusudia mwambie mapema, hata kama utalipunguzia utamu. Kumshtua mwenye hofu si zawadi. Aibu yako nayo mwonyeshe, maana ukimficha ataisoma kama chuki. Mlango wa wakwe usiupite nyuma kwa sababu huna cha kubeba. Na siku mkipata nafasi, waacheni watoto kwa bibi yao, nendeni ziwani au porini mkakae wawili; jambo lile la gazeti lilikuwa la kweli. Lakini safari hiyo ianzieni jikoni, kwa mazungumzo, kabla hamjafunga mzigo.

Mungu awajalie mpate la kusemezana hata siku ambayo hakuna unga. Awape masikio yanayosikia kilicho chini ya kitanda. Na watoto wenu wawakute mnacheka, wawaulize mnacheka nini, nanyi mshindwe kuwaeleza.