Jumatano ya Kuhesabu Watoto

Mimi ni afisa wa elimu wa zoni, na nitasema bila aibu kwamba kazi hii naiweza. Zoni yangu ni shule kumi na moja za serikali zilizotawanyika kati ya barabara ya Isebania na vilima vya kuelekea Osiri, na hakuna hata moja ambayo sijui mlango wa choo chake unatazama wapi. Najua ni ipi yenye mwalimu mmoja wa hesabu anayefundisha gredi ya saba, ya nane na ya tisa mpaka sauti inamkauka ifikapo Alhamisi. Najua ni ipi iliyopika nyoyo leo, yale mahindi na maharagwe yetu, na ni ipi iliyowaambia watoto wanywe maji wavumilie.

Nilipokabidhiwa zoni hii, nikitoka kufundisha kwetu Kosele, ilikuwa ikishika mkia katika kila mtihani. Siku hizi haishiki. Sikufanya muujiza wowote. Nilichofanya ni kuwanyima walimu raha ya kusahihisha karatasi za watoto wao wenyewe. Sasa mtihani wa zoni unafanywa siku moja, karatasi zinavuka kwenda shule nyingine, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi tunakutana walimu wakuu wote katika darasa moja, tunasomeana matokeo kwa sauti. Mara ya kwanza mwalimu mkuu mmoja alitoka nje akidai anapigiwa simu, na simu yake ilikuwa imebaki mezani. Mara ya tatu shule yake ilipanda, akataka matokeo yasomwe mara mbili.

Kitu kingine ninachokiamini ni rejista. Mtu anaweza kunisimulia mchana kutwa jinsi shule yake inavyong'ara, lakini mimi nitaifungua rejista nione nani hakuja. Mtoto asiyekuja hafundishiki.

Basi, mwaka mmoja wa karibuni tuliletewa agizo. Kila shule yenye sekondari msingi, yaani gredi ya saba hadi ya tisa, ihesabiwe watoto kwa macho. Ikikosa kufikisha arobaini na watano, madarasa hayo yafungwe na watoto wahamishiwe shule ya karibu. Tulipewa wiki moja, na kila afisa achague siku yake. Katika zoni yangu shule iliyokuwa hatarini ilikuwa moja tu, ndogo kuliko zote, ile ya kilimani. Rejista yake ilikuwa na majina arobaini na manane. Shule ya karibu iko bondeni, na njia ya kuifikia inapita katikati ya mashimo ya dhahabu, mengine yameachwa wazi bila hata ubao. Nilijua vizuri kwamba tukifunga kilimani, wavulana wangeishia mashimoni na wasichana wangeishia kuolewa. Nilitaka shule ile ibaki, kwa moyo wangu wote.

Nikachagua Jumatano. Jumanne nilikuwa na mkutano Migori mjini, Alhamisi nilitaka kuandika ripoti zangu kwa utulivu. Mwalimu mkuu wa kilimani aliniandikia ujumbe kwa simu: "Madam, naomba isiwe Jumatano." Nikamjibu kwamba siku ya shule ni siku ya shule. Hakuniomba tena. Nilijisikia nimesema jambo la maana.

Jumatano hiyo bodaboda ilinifikisha mapema. Mwalimu mkuu yule ni mtu mzima, mfupi, mwenye chaki kwenye pindo la mkono tangu Jumatatu hadi Ijumaa, na sijawahi kumwona akitokwa jasho kama asubuhi hiyo. Watoto walikuwa wamekwisha kupangwa uwanjani kwa mistari. Nikapita nikihesabu, nikagusa bega moja moja. Arobaini na saba. Nikapumua. Niliona baadhi ya sweta zina mikunjo ya dukani, mistari ya kukunjwa ikionekana kifuani na tumboni, nikafikiri wazazi wamejitahidi.

Hapo ndipo mwalimu mkuu mwenyewe akaharibu mambo, kwa furaha tu. "Watoto," akasema, "mpigieni Madam makofi yetu!"

Lazima nieleze. Katika zoni yetu kila shule ina makofi yake ya kumkaribisha mgeni, na wanayalinda kuliko bendera. Wengine wana makofi ya mvua, wanaanza na kidole kimoja kiganjani mpaka mvua inanyesha. Wengine wana ya chapati. Ya kilimani ni makofi ya mwamba: ngumi tatu juu ya kiganja, kama mtu anayeponda jiwe, kisha wanapeperusha vumbi kwa pumzi, fuu, halafu kimya. Watoto wa kilimani hujifunza hayo kabla ya kujua kuandika majina yao.

Thelathini na watatu waliponda mwamba. Kumi na wanne wenye sweta mpya walinipigia makofi ya mvua.

Makofi ya mvua ni ya shule ya bondeni.

Sikuhitaji kuuliza. Nilimtazama mwalimu mkuu, naye akatazama viatu vyake. Wale watoto walikuwa wameazimwa. Sweta nazo, kama nilivyokuja kuambiwa, zilikuwa zimeazimwa dukani Migori, kwa mzee mmoja Mwislamu anayeuza sare, kwa ahadi kwamba zitarudi kabla ya sala ya alasiri bila doa. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nikampigia simu mwalimu mkuu wa bondeni, mwanamke mwenzangu ambaye nilikuwa nikimsifu kila mahali. Nilimuuliza kama ana wazimu, kuazima watoto kwa shule ambayo ikifungwa wanafunzi wake wanakuja kwake!

"Wanakuja wakae wapi, Madam?" akanijibu. "Gredi ya nane nina themanini na sita. Niwaweke juu ya paa?"

Nikakata simu. Nikamgeukia mwalimu mkuu na kumwambia kwamba amenidharau, kwamba kazi yangu yote katika zoni hii ni kuhakikisha hatudanganyani, na kwamba ningeweza kumwandikia barua siku hiyo hiyo. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniita kama wazee wanavyoniita, kwa jina la nilikotoka, binti wa Kosele.

"Nyar Kosele, nilikuambia isiwe Jumatano. Hukuniuliza kwa nini."

Ni kweli. Miaka yote hiyo ya kusoma rejista, nilikuwa nikihesabu nani hakuja. Sikuwahi kuangalia hakuja siku gani. Nikaifungua rejista pale pale uwanjani, nikashusha kidole kwenye safu za Jumatano. Alama za kukosa zilijaa hapo mwezi baada ya mwezi, na karibu siku nyingine zote zilikuwa safi. Nilihisi aibu ambayo sijaizoea.

Akanieleza. Siku ya Jumatano wenye mashimo huwaruhusu akina mama kuokota mabaki, yale mawe yasiyofaa kupelekwa kwenye mashine. Wanayaponda kwa nyundo, wanayaosha kwa karai, na unaobaki ni unga kidogo wa dhahabu wa kulisha nyumba wiki nzima. Ni bure, lakini ni ya siku hiyo tu, kwa hiyo kila mkono wa nyumbani unaitwa. Yeye alikuwa akiwafundisha Jumamosi asubuhi masomo waliyokosa, bila kumwambia mtu. Nilikumbuka niliwahi kumkaripia kuhusu Jumamosi hizo, nikidhani anawachosha watoto.

Nikamwomba rejista, nikaiweka kwapani, nikateremka mashimoni kwa miguu.

Akina mama walikuwa wameketi chini ya maturubai wakiponda, watoto wakichota maji. Waliponiona na rejista, nyundo zikanyamaza. Wavulana wawili wakakimbilia nyuma ya lundo la mawe. Nikasimama, nikafungua ukurasa, nikaanza kuita majina ya wale kumi na watano waliokosekana uwanjani, kama ninavyoita darasani. Jina la kwanza, kimya. Nikaliita tena, kwa sauti ya ualimu. Msichana mmoja aliyepakwa vumbi la kijivu hadi kwenye kope akainuka na karai lake. "Present, Madam." Baada ya hapo wakajibu mmoja mmoja, hata wale wa nyuma ya lundo. Walijibu kumi na watatu. Mmoja, waliniambia, yuko kwa mjomba upande wa Kuria, na mwingine anamuuguza nyanya yake.

Mama wa yule msichana hakuinuka. Aliendelea kushika nyundo yake. "Madam, si ulikuwa unataka kuhesabu watoto? Hesabu, si ndio hawa. Lakini wewe ukifunga ile shule ya huko juu, hapa ndio itakuwa shule yao. Kila siku, si Jumatano peke yake."

"Sitaki kuifunga," nikamwambia.

"Sasa mbona ulikuja siku unajua hawako?"

"Sikujua."

"Na si ni kazi yako kujua?"

Hakuna bosi aliyewahi kuniambia neno lililonichoma vile. Nilitaka kumjibu kwamba mtoto hana kazi kwenye maji yenye zebaki, ile sumu ya kunasia dhahabu, Jumatano wala siku nyingine, na mpaka leo naamini hivyo na ninagombana nao kila mwezi. Lakini siku ile sikuwa na haki ya kuanza na hilo. Nilisema nimekosea siku. Nikasema kesho saa mbili nitasimama langoni kilimani na rejista hii, nihesabu upya, na nitakayemwona ndiye nitakayemwandika, hakuna wa kuazimwa. Nyundo zikaanza tena.

Alhamisi nilifika saa moja na nusu. Watoto wa Jumatano, wale thelathini na watatu, walikuja kama kawaida yao. Saa mbili ikapita. Mwalimu mkuu alikuwa akifuta ubao uliokuwa safi. Mimi nilisimama langoni nikijifanya nasoma simu, na nitakiri kwamba nilikuwa naogopa. Kisha nikawaona wakipanda njia ya mawe, mama zao mbele na wao nyuma, kama watu wanaokwenda kanisani, sare zimefuliwa usiku na bado zina unyevu. Yule mama wa nyundo alimsukuma binti yake mpaka mbele yangu. "Andika," akasema. Niliandika. Kumi na watatu, na thelathini na watatu, arobaini na sita. Nilirudia mara mbili, nikiwagusa mabega.

Habari ya watoto wa kuazimwa sikuiandika popote. Wale walimu wakuu wawili niliwakemea vya kutosha, wote wawili pamoja, mpaka yule wa bondeni akaniuliza kama kuna chai.

Ijumaa nilipeleka fomu Migori. Bosi wangu ni mtu wa kusoma kila kisanduku kwa kidole. Kidole kikashuka, kikasimama.

"Mpango wako ulisema Jumatano. Hapa umeandika Alhamisi."

"Ndiyo."

Kidole kikahamia kwenye kisanduku cha chini, panapoandikwa sababu ya kubadilisha siku. Akasoma nilichoandika, maneno matatu: kosa la afisa.

"Watu huwa wanaandika mvua," akasema.

"Hakukuwa na mvua."

"Afisa yupi huyu?"

"Mimi," nikamwambia.

Alinitazama juu ya miwani, kisha akavuta muhuri na kuugonga.